Unga Unaokubali Kukaa

Kimara, Dar es Salaam, iko juu, na Dawasa, mamlaka ya maji, wanalijua hilo kuliko hata madalali wa viwanja. Maji ya Ruvu Juu yanasafishwa Mlandizi, yanasukumwa kwa pampu hadi kwenye matangi ya Kimara, na kutoka hapo yanateremka yenyewe kuelekea Ubungo na mjini. Hayo ni maji yanayoingia. Yanayotoka hayana tangi wala pampu. Yanafuata mfereji, yanaingia korongoni, yanakatiza mabondeni, na mengi huishia Mto Msimbazi, kisha Jangwani, kisha baharini pale Daraja la Selander. Njiani yanabeba kila kilichomwagwa, na miongoni mwa vilivyomwagwa kuna rangi.

Nyuma ya baadhi ya nyumba za huku, Baruti, Temboni, Suka, akina mama wanatengeneza batiki. Wengi walijifunza kwenye semina za ujasiriamali, zile ambazo leo ni sabuni ya maji na kesho ni batiki. Vifaa havibadiliki: kitambaa cha pamba, nta au mishumaa ya kuyeyusha, mabeseni, glovu, maji ya moto, unga wa rangi, kostiki soda na haidrosalfaiti. Rangi inatiwa, kostiki inafuata, haidrosalfaiti inafuata, na hapo mgeni hudhani kitu kimeharibika, maana buluu aliyoiona kwenye kikopo imegeuka njano yenye ukijani. Fundi hana habari na mshangao wake. Anazamisha kitambaa, anakigeuza kwa mti, anakitoa na kukitandaza. Hewa ikishakipata, buluu inaanza kurudi, kwanza kwenye kingo na mikunjo iliyo wazi, mwisho kwenye sehemu zilizokuwa zimelaliana. Haidrosalfaiti iliipa rangi elektroni za ziada ili iyeyuke kwenye kostiki na kupenya ndani ya uzi. Oksijeni ya hewani imezichukua tena, na rangi imerudia hali yake ikiwa tayari imenaswa ndani ya pamba. Fundi huyu anajua jambo moja ambalo litakuwa na kazi huko mbele: rangi inaweza kupotea machoni na bado ikawepo.

Si rangi yote inayoshika. Hizi za kostiki hushika vizuri. Zipo nyingine, zinazofungwa kwenye uzi kwa magadi soda na chumvi, ambazo huweza kushika asilimia 90 siku njema na asilimia 50 siku mbaya, na kinachobaki huondoka na maji ya kusuuzia. Jicho la binadamu linaweza kuona rangi hata ikiwa chini ya miligramu 1 kwa lita, ndiyo maana beseni moja linatosha kuupaka mfereji mzima. Mtaa wetu wa chini, Ubungo, ndiko Kiwanda cha Urafiki kilikofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Khanga na vitenge vya nchi hii vina historia ndefu kwenye bonde hili. Na mnunuzi wa kitenge, popote alipo, anauliza swali moja kabla ya bei: kinachuja? Mkemia wa rangi amefanya kazi miaka na miaka ili jibu liwe hapana. Ametengeneza molekuli inayovumilia jua, sabuni na jasho. Sifa hiyohiyo inayoiuza dukani ndiyo inayoifanya isioze mtoni. Hata mabwawa ya majitaka yakiikosesha oksijeni na bakteria wakaivunja, rangi za kundi la azo hukatika na kuacha amini, ambazo hazina rangi, na baadhi yake zinasababisha saratani. Mtu akiona maji yamekuwa meupe anashukuru mapema.

Dawa inayojaribiwa maabara nyingi duniani ni unga mweupe, titani dioksidi. Aliyepaka ukuta wake rangi nyeupe ameushika, maana ndio unaoleta ule weupe; umo hata kwenye dawa za meno. Titani yenyewe imo kwenye mchanga mweusi wa pwani yetu, Fungoni kule Kigamboni, na Tanga. Kwale, Kenya, ilichimbwa na kupakiwa melini kwa takriban miaka 10 hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024. Kwamba mwanga unaweza kuuamsha unga huu ufanye kazi ya kemia ndani ya maji, hilo lilijulikana sana kupitia Tokyo. Mwaka 1967 Akira Fujishima, akiwa bado mwanafunzi chini ya Kenichi Honda, alimulika kipande cha titani dioksidi ndani ya maji akaona viputo. Makala yao ilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 1972, na tangu hapo watu hawajalala.

Mwanga wenye nguvu ya kutosha ukiupiga unga, elektroni inaruka na kuacha tundu. Tundu hilo linatafuta elektroni kwa nguvu zote. Likiinyang'anya kutoka kwenye maji yaliyoshika uso wa unga, kinachozaliwa ni radikali ya haidroksili, kitu kisichodumu hata sehemu ndogo ya sekunde lakini kinachoirarua karibu kila molekuli ya kaboni inayokutana nayo. Elektroni iliyoruka nayo huichukua oksijeni iliyoyeyuka majini na kufungua shambulio la pili. Safari ikifika mwisho, rangi imekuwa kaboni dioksidi, maji na chumvichumvi. Nimesema ikifika. Elektroni na tundu hupenda kurudiana, na sehemu kubwa hurudiana ndani ya nanosekunde kabla hazijafanya lolote la maana. Nusu ya ufundi wote ninaouzungumzia ni mbinu za kuwachelewesha wawili hao.

Nusu ya pili ndiyo iliyonivutia mimi, kwa sababu haina umaarufu. Unga unaotumika kama kipimo cha kulinganishia huitwa P25, wa kampuni ya Degussa ya Ujerumani, ambayo sasa ni Evonik. Punje zake zina nanomita 20 na ushee, na gramu moja ina uso wa mita za mraba kama 50. Utie kwenye maji ya rangi, ukoroge juani, na rangi inaondoka kwa kasi ya kupendeza. Kisha unabaki na maji yenye ukungu mweupe. Punje ndogo kiasi hicho hazitulii chini hata ukizisubiri usiku kucha, na chujio la kuzikamata lina vitundu vidogo mno hata halipitishi maji bila kusukumwa. Umeondoa buluu ukaweka nyeupe, na unga wa fedha nyingi umeondoka na maji. Kwenye karatasi ya utafiti tatizo hili huchukua sentensi moja, kwamba unga ulitenganishwa kwa mashine ya kuzungusha. Nyuma ya nyumba Temboni hakuna mashine ya kuzungusha.

Kwa hiyo unga unatafutiwa makao: kioo, mchanga, udongo uliochomwa, silika, mkaa. Na hapa mtu mkweli anakubali hasara tangu mwanzo. Unga ulio huru unaonana na maji pande zote, wakati ulioshikizwa umeupa mgongo ukuta, na rangi inalazimika kusafiri hadi ulipo. Karibu kila mara ulioshikizwa ni wa polepole kuliko ulio huru. Anayefanya kazi hii hashindani kupata kasi kubwa kuliko zote. Anatafuta kupoteza kidogo iwezekanavyo, na kupata badala yake kibao kinachoweza kutumika kesho.

Tazama kazi yenyewe inavyokwenda kwenye kioo cha dirisha. Kinaoshwa kwa sabuni, kwa asidi, kwa spiriti, kinakaushwa, na tangu hapo hakiguswi kwa mkono mtupu. Mafuta ya ngozi hayaonekani siku hiyo. Yataonekana mwishoni kabisa, utando utakapobanduka kwa umbo kamili la kidole gumba. Kisha kinaandaliwa kimiminika chenye titani iliyofungwa kwenye alkoholi, na hicho kinaogopa maji. Maji yakiingia kwa pupa, titani inaganda papo hapo kuwa mashapo, na hakuna wa kuyarudisha. Maji kidogo yenye asidi yanadondoshwa polepole huku kikikorogwa, hadi kipatikane kiowevu angavu kinachoelekea kuwa ute. Kwa hewa ya Dar es Salaam, yenye unyevu karibu mwaka mzima, chupa haiachwi wazi hata kwa salamu.

Kioo kinazamishwa, kisha kinavutwa juu kwa mwendo mmoja usiotikisika, kwa kawaida milimita chache tu kwa sekunde au chini ya hapo. Kinachoamua unene ni mwendo huo: ukivuta haraka kinabeba kiowevu kingi, ukivuta taratibu kinabeba kidogo. Mgeni atataka mnene, aione kazi yake. Mnene ukikauka unasinyaa na kupasuka kama tope la bwawa lililokaukiwa. Vipande vinajikunja kingo na vya kwanza vinaondoka na maji ya kwanza. Anayejua anapaka mwembamba, anakausha, anachoma, anarudia. Utando wa aina hiyo hauuoni mpaka ukiinamishe kioo upande wa mwanga, ndipo zambarau na kijani zinapotembea juu yake, na fundi mzoefu anaweza kukisia unene kwa kuangalia rangi hizo tu. Kioo kinachojisafisha cha Pilkington, kiitwacho Activ, kilichoingia sokoni mwaka 2001, kina utando wa nanomita kama 15. Wao huupaka kioo kikiwa bado cha moto kiwandani, kwa njia nyingine kabisa, lakini somo la wembamba ni lilelile.

Tanuri linapandishwa taratibu hadi nyuzi 450 au 500 za Selsiasi. Chini ya hapo titani bado haijajipanga vizuri kuwa fuwele ya anatasi, iliyo hodari kwa kazi hii. Ukizidi sana, huko nyuzi 600 na kuendelea, inaanza kugeuka rutili, punje zinaungana, na uso uliougharimia unapungua. Katikati ya viwango hivyo kuna mtego ambao kila ninapousoma nafurahia aliyeugundua. Kioo cha dirisha kimetengenezwa kwa soda. Kwenye joto la tanuri sodiamu inahama kutoka kwenye kioo, inaingia kwenye utando na kuudhoofisha. Utando umeshika, unang'aa, hauna ufa, na haufanyi kazi. Ukitazama kwa macho hutajua kwa nini. Dawa yake ni kukipaka kioo silika kwanza, ili sodiamu iishie njiani, kisha ndipo titani iwekwe juu. Utando huo wa kati hauvunji rangi yoyote, na bila huo ule wa juu haufai.

Kioo ni kizuri kwa kujifunzia, maana kila kitu kinaonekana. Kwa kazi ningependa udongo. Vilima vya Pugu vina kaolini nyingi, udongo mweupe safi, na kwa bahati ya jiografia ni vilima hivyohivyo vinavyozaa Msimbazi. Udongo uliochomwa una vitundu na makunyanzi, na unga ukiingia humo hautoki kirahisi. Mlimani nako, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna kazi ya jirani inayostahili kutajwa: Profesa Egid Mubofu na wenzake walitumia mafuta ya maganda ya korosho, takataka ya viwanda vya kubangulia, kutengeneza silika yenye vitundu vipana. Katika makala yao ya mwaka 2011 walichokipangisha humo kilikuwa kimeng'enya cha kuvunja sukari na si titani, ila swali ni moja: mfanyakazi anakaa wapi, na mlango wa kumfikia una upana gani.

Mkaa amilifu, wa vifuu vya nazi kwa mfano, una faida ya peke yake. Radikali ya haidroksili haifiki mbali na mahali ilipozaliwa, na mkaa unavuta rangi kutoka majini na kuikusanya karibu na unga. Matokeo yake hupendeza sana, na kwa sababu hiyo mimi huyasoma kwa wasiwasi. Mkaa peke yake, gizani, bila titani hata chembe, unaondoa rangi majini. Umeihifadhi tu. Mtafiti mwenye adabu huacha mchanganyiko wake gizani kwanza, mara nyingi kwa nusu saa au zaidi, mpaka rangi inayonata iwe imenata yote, halafu ndipo anawasha taa na kuanza kuhesabu. Anaweka pia chombo cha pili chenye rangi na mwanga bila unga, kwa kuwa rangi nyingine hufifia juani zenyewe. Asiyeonyesha vyombo hivi viwili amepima kitu, ila hajui amepima nini.

Halafu kuna udanganyifu wa rangi yenyewe. Rangi inayopendwa kwa majaribio ni methilini buluu, iliyotengenezwa na Heinrich Caro mwaka 1876. Ni rahisi kuipima, maana inameza mwanga kwa nguvu kwenye nanomita 664, na kifaa kinakusomea namba bila ubishi. Lakini methilini buluu ikipewa elektroni inageuka isiyo na rangi huku mwili wake ukiwa mzima, na ikikutana na oksijeni inarudi buluu. Unga uliomulikwa umejaa elektroni. Ndani ya chupa iliyozibwa, yenye oksijeni kidogo, inawezekana kabisa buluu ikapotea, picha ikapigwa, makala ikaandikwa, na hakuna kilichovunjika. Fundi wa batiki asingenaswa na chupa hiyo. Angeifungua na kuitikisa kwanza, kwa kuwa kazi yake ya kila siku ni kusubiri rangi irudi. Wanakemia makini wana mtikiso wao wa gharama kubwa zaidi: wanapima jumla ya kaboni iliyobaki majini. Rangi huondoka mapema, kaboni huondoka kwa kuchelewa, wakati mwingine masaa mengi baadaye, na pengo kati ya mistari hiyo miwili kwenye grafu ndipo ulipo ukweli wa kazi.

Kuhusu mwanga nitasema machache, ingawa makala nyingi hazizungumzi kingine. Anatasi inataka urujuanimno, chini ya nanomita 387 hivi, na huo ni asilimia 4 au 5 tu ya nishati ya jua linalotufikia. Ndiyo maana watu wameichanganya titani na naitrojeni, au wamehamia kwenye kaboni naitraidi ya rangi ya njano, iliyopata umaarufu tangu 2009, ili kutumia mwanga unaoonekana. Ni kazi ya maana. Ila aliye karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta hana sababu ya kulilia urujuanimno kwa uchungu wa mtu wa kaskazini, na naona juhudi nyingi zingezaa zaidi kama zingehamia kwenye gundi ya kuushikiza unga.

Maji ya beseni halisi ndiyo yanayonyamazisha majigambo. Maabara hutumia rangi moja iliyoyeyushwa kwenye maji yaliyotoneshwa. Beseni la kostiki lina haidrosalfaiti iliyobaki, na hiyo inakula oksijeni na radikali kabla rangi haijaguswa. Ukali wa kostiki unaupa uso wa titani chaji hasi, na rangi nyingi za nguo nazo zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana. Maji ya rangi zile nyingine yana magadi soda, ambayo ni kabonati, na kabonati inazimeza radikali za haidroksili. Chumvi nayo ina sehemu yake. Kwa maoni yangu, maji ya kostiki hayahitaji unga wowote mwanzoni. Yaachwe wazi yapigwe na hewa, yapunguzwe ukali. Rangi itarudia hali yake isiyoyeyuka na sehemu kubwa itatulia chini, ichujwe kwa kitambaa. Kibao cha titani kiwekewe yale ya magadi, yaliyokwisha kupunguzwa ukali, ambayo rangi yake imeyeyuka na haitatulia kamwe.

Jambo hili limeshatoka maabara. Kaskazini mwa Afrika, Menzel Temime nchini Tunisia, watafiti wa Tunisia na Ujerumani waliweka kwenye kiwanda cha nguo mtambo wa majaribio ambao maji hutiririka yakiwa utando mwembamba juu ya bapa lililoinamishwa, lenye titani iliyoshikizwa, chini ya jua tupu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Walichonifurahisha nacho ni kukubali kwamba bapa haliwezi kufanya kazi peke yake: bakteria kwanza, jua baadaye. Unga umepewa sehemu ya mwisho tu, ile iliyowashinda wengine.

Utando uliochoka mara nyingi haujafa. Mabaki ya rangi yameziba uso wake, na ukiachwa juani ndani ya maji safi unayala yenyewe na kurudisha nguvu. Uliobanduka haurudi. Ndiyo maana ninapopewa makala ya unga ulioshikizwa siendi kwenye asilimia iliyoandikwa kwa wino mzito kwenye muhtasari. Natafuta mchoro wa marudio: kibao kilekile, mara ya kwanza, ya tano, ya kumi, vijiti vikishuka kidogokidogo. Kisha natafuta kama kuna aliyepima titani kwenye maji yaliyotoka, ili ajue mtelemko huo ni wa uchovu au wa kumomonyoka. Wengi hawapimi. Anayepima, na akachapisha namba hata kama haimpendezi, namsoma hadi ukurasa wa mwisho.